Dawa za Maambukizo na Mtoto Aliye Tumboni

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa baada ya sala ya Alasiri)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini. Je, dawa anayopewa mama mjamzito ili aponywe malaria, kifua kikuu, kaswende au virusi vya UKIMWI, yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni hata akazaliwa na kilema? Jibu langu ni kwamba ziko dawa chache zidhuruzo, na hizo nitazitaja. Ziko nyingi zisizodhuru. Na iko moja ambayo ilishukiwa mwaka 2018, wanawake wa nchi nyingi za Afrika wakanyimwa kwa ajili ya shaka hiyo, kisha watu wakahesabu watoto kwa subira hadi ukweli ukajulikana. Habari ya dawa hiyo nitaieleza kwa urefu, kwa kuwa mambo yake yalitokea katika bara letu hili, na walioumia kwa shaka hiyo ni dada zetu.

Kwanza yatupasa tufahamu ni wakati gani mtoto huwa katika hatari. Wengi hudhani kwamba hatari huanza tumbo linapoonekana. La hasha. Uti wa mgongo na ubongo wa mtoto huanza kama utepe mwembamba ambao hujikunja ukawa mfereji, na mfereji huo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na kilema kiitwacho mgongo wazi. Usipofunga upande wa juu, ubongo haukamiliki na mtoto haishi. Sasa hesabuni wenyewe: siku ya 28 tangu mimba kutunga, mama amepitiwa na siku zake kwa majuma mawili tu. Wengine wangali wakidhani ni uchovu wa safari au mabadiliko ya hali ya hewa. Mama akija kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano, habari ya mfereji ule ilikwisha kitambo. Moyo, mikono, miguu na midomo huumbwa katika miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo dawa chache huweza kuharibu umbo, lakini ziko zinazoweza kudhuru meno, masikio na ukuaji.

Tena tukumbuke kwamba hata pale ambapo mama hakumeza kidonge chochote, takriban watoto 3 katika kila 100 huzaliwa na kasoro fulani kubwa ya maumbile. Nasema hivi kwa sababu kila azaliwapo mtoto mwenye kilema, jamaa hukaa na kutafuta wa kulaumiwa: mama alikula nini, alipita wapi, alimeza dawa gani. Mara nyingi hakuna aliyekosa.

Hofu hii ya dawa ina asili yake. Mwaka 1957 kampuni moja ya Ujerumani ilianza kuuza dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi, na madaktari wakawapa akina mama wenye kichefuchefu cha mimba wakiamini kuwa haina madhara. Ikaondolewa sokoni huko mwishoni mwa mwaka 1961, baada ya watoto wapatao 10,000 au zaidi katika nchi nyingi kuzaliwa bila mikono au miguu kamili. Dawa hiyo haikuwa ya maambukizo, lakini baadaye iligunduliwa kwamba hutuliza maumivu makali yanayowapata baadhi ya wagonjwa wa ukoma, na huko Brazili, ambako ukoma ungalipo, watoto wengine walizaliwa na vilema vile vile miaka mingi baada ya dunia kudhani jambo hilo limekwisha. Tangu hapo madaktari wakajifunza kuogopa. Kuogopa huko kumewaokoa wengi. Lakini kuogopa nako kuna gharama yake, kama mtakavyoona.

Sasa nizitaje zile zidhuruzo. Tetrasaiklini, yaani vile vidonge vya rangi mbili ambavyo baadhi ya watu huvifungua na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda, huingia katika meno na mifupa ya mtoto tangu mwezi wa nne na kuendelea, na meno yake yakatoka na rangi ya manjano au kahawia isiyofutika. Ndugu yake, doksisaiklini, huhesabiwa katika kundi hilo hilo na mama mjamzito huepushwa nayo, ingawa ushahidi wa madhara yake si mzito kama wa tetrasaiklini. Binti anayetumia doksisaiklini kwa ajili ya chunusi aseme kama ameolewa na anatarajia mimba. Sindano ya streptomaisini, iliyotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu, imewafanya baadhi ya watoto wazaliwe viziwi. Lakini dawa nyinginezo za kifua kikuu, yaani rifampisini, isoniazidi, ethambutoli na pirazinamidi, mama mjamzito hupewa, na kifua kikuu kisichotibiwa humdhuru yeye na mtoto kuliko vidonge hivyo.

Flukonazoli, dawa ya fangasi, ikinywewa kwa kipimo kikubwa cha miligramu 400 hadi 800 kila siku katika miezi mitatu ya kwanza, imehusishwa na kasoro za fuvu, uso, mifupa na moyo. Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hilo mwaka 2011. Kidonge kimoja cha miligramu 150, ambacho wanawake wengi hununua kwa ajili ya muwasho wa ukeni, si sawa na kipimo kile kikubwa, na aliyekimeza kabla ya kujua kuwa ana mimba asikeshe akilia. Hata hivyo, kwa mjamzito iko dawa ya kuweka mahali penyewe, nayo ndiyo ya kuchagua. Septrin na SP hupunguza kazi ya foliki mwilini, na foliki ndiyo vitamini inayosaidia mfereji ule kufunga. Kwa sababu hiyo vidonge vya SP vya kukinga malaria havitolewi katika miezi mitatu ya kwanza, bali kuanzia mwezi wa nne. Akina mama wanaofika kliniki mapema wakaambiwa wasubiri wasidhani kwamba wamenyimwa.

Nanyi wanaume msijione kwamba maneno haya hayawahusu. Griseofulvini, dawa ya mashilingi na fangasi wa kichwani, imewekewa onyo na watengenezaji wake kwamba mwanamume anayeitumia asitungishe mimba hadi ipite miezi sita tangu amalize dawa. Ribavirini, iliyotumika sana kutibu homa ya ini aina ya C, ina onyo kali zaidi, na humhusu mume kama imhusuvyo mke. Nimepata kuwauliza wanaume wengi wanaonunua griseofulvini kama waliambiwa jambo hilo dukani, na jibu lao huwa ni kicheko.

Sasa niingie katika ile habari niliyoahidi.

Dawa yenyewe huitwa dolutegraviri, nayo ni miongoni mwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kabla yake dawa iliyokuwa ikitumika kwa wengi ni efavirenzi. Walioitumia efavirenzi wanaijua: kizunguzungu, ndoto za kutisha, na kwa baadhi yao huzuni isiyo na sababu. Dolutegraviri hushusha virusi upesi zaidi, usumbufu wake ni mdogo, na virusi haviizoei kwa urahisi. Nchi ya Botswana ilikuwa ya mbele katika Afrika kuifanya iwe dawa ya kwanza kwa watu wote, wakiwemo wajawazito, na ilianza mwaka 2016.

Botswana ilikuwa tayari na jambo jingine ambalo nchi nyingi hazikuwa nalo. Tangu mwaka 2014 watafiti walikuwa wameweka utaratibu uitwao Tsepamo katika hospitali 8 za serikali. Kila mtoto aliyezaliwa humo, hai au mfu, alikaguliwa na wakunga kuanzia kichwani hadi nyayoni. Ilipoonekana kasoro, na mama akiridhia, ilipigwa picha, na picha hiyo ikatazamwa na mtaalamu ambaye hakuambiwa mama alikuwa akitumia dawa gani. Angalieni hekima ya jambo hili. Mtu akijua kwamba mama alikunywa dawa inayoshukiwa, jicho lake laweza kuona kasoro mahali isipokuwepo. Asiyejua huona kilichopo tu.

Basi mwaka 2018 watafiti hao walitazama hesabu yao wakashtuka. Katika watoto 426 ambao mama zao walikuwa tayari wakitumia dolutegraviri wakati mimba ilipotunga, 4 walizaliwa na kasoro ya mfereji wa uti wa mgongo na ubongo. Hiyo ni karibu mtoto 1 katika kila 100. Kwa akina mama waliotumia dawa nyinginezo za virusi, kasoro hiyo ilikuwa takriban 1 katika kila 1,000. Yaani katika watoto 426 ilitarajiwa isipatikane hata mmoja, au apatikane mmoja kwa nadra, nao wakapatikana wanne. Majaribio ya wanyama hayakuwa yameonyesha kitu. Majaribio ya wanadamu nayo yaliwaweka kando wanawake waliotarajia kuzaa, kama ilivyo desturi, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa na jibu.

Tarehe 18 Mei 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari. Silaumu tahadhari hiyo. Aliyeona moshi na akanyamaza huyo ndiye wa kulaumiwa. Ila namna tahadhari ilivyopokelewa na serikali mbalimbali, hapo ndipo penye mafunzo. Katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo, wanawake wote walio katika umri wa kuzaa wakazuiwa kupata dolutegraviri au wakawekewa masharti ya uzazi wa mpango. Hawakuulizwa kama wanataka mtoto mwaka huo, au kama walikwisha kufunga uzazi, au kama wangali na mume. Mwanamke wa miaka 45 aliyekwisha kuzaa watoto wake wote aliambiwa maneno yale yale aliyoambiwa bibi harusi. Kaka yake aliyeketi naye kliniki benchi moja akapewa dawa mpya, yeye akarudishwa kwenye ndoto za kutisha.

Mwezi Julai mwaka huo huo wanawake 39 wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kutoka nchi 18 za Afrika, walikutana mjini Kigali, Rwanda. Wakaelezwa hesabu zote kama zilivyokuwa. Wakazipima. Wakasema kwamba faida ya dawa hiyo kwao ni kubwa kuliko hatari inayodhaniwa, kwamba wanataka waelezwe ukweli kisha waachiwe wachague, na kwamba hawaridhiki kunyimwa kwa kisingizio cha kuhurumiwa. Wako waliowaona wanawake hao kuwa ni wakaidi. Mimi nasema walisema maneno ya watu wazima. Mama ambaye virusi vyake havikushuka aweza kumwambukiza mtoto, aweza kuugua, aweza kufa akawaacha yatima watoto alio nao. Hatari hizo hazikuwa za kudhaniwa. Zilikuwa zinajulikana na kuhesabika, lakini kwa kuwa zilizoeleka hazikumtisha mtu.

Wakati huo wakunga wa Botswana waliendelea kukagua na kuandika, na idadi ya hospitali ikaongezwa. Mwaka 2019 watoto waliohesabiwa walifika 1,683, na wenye kasoro hiyo walikuwa 5. Yaani katika watoto zaidi ya 1,200 walioongezeka, aliongezeka mmoja tu mwenye kasoro. Hesabu ikashuka kutoka karibu 1 katika 100 hadi 3 katika 1,000. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba dolutegraviri ipendekezwe kwa watu wote, wanawake wakiwemo. Mwaka 2020 walikuwa 7 katika 3,591. Mwaka 2022 walikuwa 10 katika watoto zaidi ya 9,000, yaani takriban 1 katika kila 1,000, na hakukuwa na tofauti tena kati ya dawa hii na nyinginezo. Wale wanne wa mwanzo walikuwa ni watoto wa kweli, wenye wazazi wa kweli, wala hakuna aliyedanganya. Ila kundi la watu 426 ni dogo mno kwa kupimia jambo litokealo mara moja katika watoto 1,000. Mvuvi aliyetupa wavu mara moja akapata papa wanne hawezi kusema kwamba bahari yote ni papa.

Wengine mtauliza: kwa nini basi haikungojwa hesabu itimie kabla ya kuwatisha watu? Kwa sababu hakuna aliyejua itatimia vipi. Lau ingekuwa kweli, kunyamaza kungekuwa ni kurudia ya thalidomaidi. La kusikitisha ni kwamba mambo haya hayakuwa mapya. Efavirenzi yenyewe, dawa ambayo wanawake walirudishiwa kwa kuwa ni salama, ilikuwa imeogopwa vivyo hivyo kabla yake. Katika jaribio la nyani 20 waliopewa efavirenzi wakiwa na mimba, watoto 3 walionekana na kasoro, na mwaka 2005 Marekani ikaiweka katika daraja la dawa za kuepukwa mwanzoni mwa mimba. Kliniki zetu nazo zikawa zinabadilisha dawa za wanawake kwa ajili hiyo. Kisha watoto wakahesabiwa, kasoro zilizotarajiwa hazikuonekana, na mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani likakubali itumike katika mimba tangu mwanzo. Miaka sita baadaye shaka ile ile ikahamia kwa dawa iliyofuata, na watu wakaenda mbio kama kwamba hawakupata kuona jambo la namna hiyo.

Malaria nayo ina habari kama hiyo, na hii yatugusa sote. Kwa miaka mingi mama aliyepata malaria katika miezi mitatu ya kwanza alipewa kwinini kwa siku saba, mara tatu kila siku. Uchungu wake mnaujua, na kuvuma masikioni mnakujua. Wengi walikatiza dozi siku ya tatu. Dawa ya mseto aliepushwa nayo, kwa kuwa dawa za jamii ya artemisini ziliua mimba za panya na sungura katika majaribio. Lakini akina mama wengi waliimeza mseto pasipo kujua kuwa ni wajawazito, na watafiti wa nchi mbalimbali wakakusanya habari zao. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 walipatikana wajawazito 737 waliotibiwa kwa dawa za jamii hiyo katika miezi mitatu ya kwanza, na hali za mimba zao hazikuwa mbaya kuliko za waliopewa dawa nyinginezo. Waliotumia artemetha na lumefantrini, ambayo ndiyo mseto yetu, walikuwa na hali nzuri kuliko waliopewa kwinini. Mwezi Novemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo itumike hata katika miezi mitatu ya kwanza. Kwa hiyo mama aliyemeza mseto kisha akagundua kuwa ana mimba asiende kuitoa mimba hiyo kwa hofu ya kilema, wala asishauriwe hivyo na shoga yake wala na mama mkwe. Nasema hivi kwa kuwa ushauri huo hutolewa, tena katika nyumba za watu waswalihina.

Upande wa pili wa mizani ni ugonjwa wenyewe. Kaswende isiyotibiwa huua mtoto tumboni, au akazaliwa akiwa na mifupa, macho na ubongo vilivyoharibika. Na dawa yake ni sindano ya penisilini, dawa ya zamani, ya bei nafuu, isiyomdhuru mtoto. Rubella, ugonjwa ufananao na surua ambao kwa mtu mzima huwa ni vipele na homa ndogo ya siku chache, ukimpata mama mwanzoni mwa mimba huweza kumpofusha mtoto, kumtia uziwi na kuharibu moyo wake. Huo hauna dawa, una chanjo, nayo Tanzania imeitoa kwa watoto pamoja na ya surua tangu mwaka 2014. Wazazi wanaowaficha mabinti wadogo wakati wa chanjo wanamficha pia mjukuu ambaye hajazaliwa. Zika iliyoenea Brazili mwaka 2015 iliacha watoto wengi wenye vichwa vidogo pasipo mama zao kumeza dawa yoyote. Malaria humnyima mtoto chakula ndani ya kondo akazaliwa mdogo na dhaifu. Anayeacha dawa kwa kumwogopea mtoto afahamu anamwacha mtoto huyo mikononi mwa nani.

Juu ya dawa za mitishamba nina neno moja. Watu husema hazina madhara kwa kuwa ni miti. Hakuna mkunga aliyekaa akahesabu watoto 9,000 waliozaliwa na mama waliokunywa mizizi fulani, na pasipo hesabu neno "haina madhara" ni dhana tu.

Sasa nini kifanywe nyumbani? Mwanamke aliyeolewa anayetarajia mimba aanze foliki kabla mimba haijatunga, miligramu 0.4 kila siku, kwa sababu ya zile siku 28 tulizozihesabu. Hii ni kazi ya mume kama ilivyo ya mke, maana ndiye mara nyingi mwenye kushika fedha, na ni vidonge vya bei ndogo. Unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani nchini Tanzania umetakiwa kisheria kuongezwa virutubisho, foliki ikiwemo, tangu mwaka 2011, lakini tulio wengi twala unga wa mashine ya mtaani, ambao mara nyingi haukuongezwa kitu. Botswana nayo, wakati hesabu ile ilipoanza, haikuwa ikiongeza foliki katika unga. Angalizo kwa wenye kununua dukani: foliki ya miligramu 5 hudhoofisha kazi ya SP dhidi ya malaria, kwa hiyo mama anayepewa SP kliniki asijiongezee vidonge hivyo vikubwa mwenyewe pasipo kuelekezwa. Na mama anayekunywa Septrin kila siku kwa ajili ya VVU hapewi SP, kwa kuwa dawa hizo mbili zikikutana huzidi kiasi. Amkumbushe nesi.

Aliyeko kwenye dawa ya kila siku, ya virusi au ya kifua kikuu, akishika mimba asiache hata siku moja kabla ya kuuliza. Aende kliniki juma hilo hilo. Anayeugua ghafula aseme dukani au hospitalini tarehe ya hedhi yake ya mwisho pasipo kungoja aulizwe. Muuzaji wa duka la dawa aweza kuwa kijana wa kiume na mama akaona haya. Basi mume aseme kwa niaba yake, au aandike katika karatasi. Amoksilini na penisilini si za kuogopwa kwa ajili ya mimba, isipokuwa kwa mwenye mzio nazo, ila nazo zisinywewe kwa kila mafua.

La mwisho ni juu ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa na mgongo wazi. Kidonda kile kifunikwe kwa kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, mtoto alazwe kwa tumbo au kwa ubavu, apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo pasipo kungoja arobaini. Upasuaji wake hufanywa, mathalani katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, na ufanyikapo katika siku za mwanzo uambukizo wa ubongo hupungua sana. Wengi hufichwa ndani hadi kichwa kimekwisha kujaa maji. Na huko hospitalini mama aseme dawa zote alizokunywa tangu mwezi wa kwanza, za dukani na za mitishamba, na aombe ziandikwe katika kadi yake.